Rufaa ya haraka ya saratani: siku zinahesabiwaje

Malalamiko kuhusu rufaa za haraka za saratani yamezidi, na mengi yanaanza hivi: GP (daktari wangu wa kawaida) aliniambia wiki mbili, leo ya tatu, mmenisahau. Hujasahauliwa. Kile kigezo cha kuonwa hospitali ndani ya wiki mbili, NHS (huduma ya afya ya umma) ya England ilishakiondoa tangu Oktoba 2023 (Scotland na Wales wana utaratibu wao), sasa hivi sisi hospitali tunapimwa kwa siku 28, yaani ndani ya hizo uwe umeambiwa una saratani au huna. Uwe umeambiwa, sio uwe umetibiwa, hapo ndo watu wanachanganya na tunarudia kila siku. Matibabu ya kwanza yana hesabu yake, siku 62 tangu rufaa, na siku 31 tangu mkubaliane na daktari utibiwe vipi. Lengo la 62 ni asilimia 85 ya wagonjwa na kitaifa halijafikiwa tangu 2015, kwa hiyo anayelalamikia hilo ana haki yake, ila sababu zinatofautiana hospitali na hospitali na siwezi kuzisemea zote.

Hesabu ya 28 na ya 62 inaanza siku hospitali inapopokea rufaa, sio siku uliyoanza kuumwa. Sasa sikilizeni hili la apointimenti. Ukipiga simu mapema kuahirisha, siku zinaendelea kuhesabiwa kama kawaida, hupunguziwi kitu. Ukiikosa ile ya kwanza kimyakimya, siku zote toka rufaa ipokelewe mpaka siku ya kupanga upya zinatolewa kwenye hesabu, kwa maana hiyo kwenye mfumo wewe ndo kwanza umeanza. Kukosa mara moja hakukurudishi kwa GP, lakini ukirudiarudia unaweza kurudishwa, na hakuna faini kama wengine wanavyosema, sijui hiyo imetoka wapi.

Halafu kuna kale kachupa ka kipimo cha kinyesi, FIT, kwa wanaoshukiwa saratani ya utumbo mpana. Wengi wanaona kinyaa wanakaacha bafuni wiki nzima. Majibu yake ndo yanaonyesha nani aanze kufanyiwa kolonoskopi (kuangaliwa utumbo mpana kwa kamera), kwa hiyo kupima kinyesi sio kukupotezea muda.

Na kupewa rufaa sio hukumu, zaidi ya 9 kati ya kila 10 wanaopewa hukutwa hawana saratani. Dalili zikizidi ukiwa unasubiri mwambie GP, anaweza kuwaandikia hospitali tena, ila kwenda emajensi na barua ya rufaa mkononi hakusogezi foleni.