Doksi na glasi nzima ya maji

Ukija kwangu na cheti cha doksisaikilini, au doksi kwa kifupi, dawa ya kuua bakteria, kabla ya kuhesabu kapsuli nitakuuliza: unameza saa ngapi, na kwa maji kiasi gani? Wengi hushangaa mfamasia kuuliza habari za maji.

Dawa hii ikilowa ina tindikali kali. Ukiimeza kwa funda moja kisha ukajilaza, hunasa kwenye umio, ile njia ya chakula kifuani, na kuunguza pale pale. Kesho yake kifua kinawaka, hata mate hayapiti vizuri, na mtu anadhani ana vidonda vya tumbo. Anakimbilia dawa ya kiungulia ya kutafuna, yenye magnesiamu au aluminiamu, madini yanayoing'ang'ania doksi tumboni isiingie kwenye damu. Ameungua, na dozi nayo imepotea bure! Basi meza kwa glasi nzima, ukiwa wima, na usilale kwa nusu saa angalau. Ikikuletea kichefuchefu, kula kwanza. Vidonge vya kuongeza damu viache mbali nayo kwa saa 2 au 3.

Kazi zake ni nyingi. Klamidia, ugonjwa wa zinaa: miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 7. Kipindupindu kwa mtu mzima: miligramu 300 kwa mkupuo mmoja, ingawa kinachookoa roho pale ni ORS na dripu. Brusela, ule ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba unaotufikia kwa maziwa mabichi, huchukua wiki 6 pamoja na dawa nyingine. Homa ikishatulia tu watu wanaacha, na hao ndio wanaonirudia wakilalamika dawa ni feki. Mafua haiyagusi kabisa.

Ukiwa kwenye dozi, jua linakuunguza upesi, hata kama ngozi yako ni nyeusi tii. Wavuvi na wakulima, vaeni mikono mirefu. Wanawake wengine hupata fangasi ukeni.

Kwa mjamzito na mtoto chini ya miaka 8 kwa kawaida tunaiepuka, hasa tetrasaikilini yenyewe, dawa ya ukoo mmoja na doksi, kwa sababu hujishika kwenye kalsiamu ya meno yanayoota na kuacha rangi ya kahawia isiyotoka kwa mswaki wowote. Hapo akina mama huniuliza: mbona kichanga alipakwa tetrasaikilini machoni siku aliyozaliwa? Ile ni mafuta ya asilimia 1, hupakwa kidogo sana, na inayofika kwenye damu haitoshi kugusa meno.