Je, wajua kwa nini diski mpya hugoma kuwasha kompyuta?

Mwalimu kanunua SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, Darajani, kavuka nayo mpaka Chake Chake, kaifunga kwenye kompyuta yake na kubonyeza swichi. Kioo cheusi, maandishi meupe: "No bootable device", yaani hakuna diski ya kuwashia. Neno la kwanza linalomtoka ni kwamba kauziwa mbovu. Mara nyingi diski hiyo ni nzima kabisa, na kabla hajalipa nauli ya boti kuirudisha Unguja, inafaa ajue kompyuta yake ilitafuta nini ikakikosa.

Ukiwasha kompyuta, inayoamka kwanza si Windows. Ni programu ndogo iliyomo ndani ya chipu kwenye bodi mama: BIOS kwa mashine za zamani, UEFI kwa za siku hizi. Hukagua RAM (kumbukumbu ya muda) na kibodi, kisha hupita diski moja baada ya moja kutafuta pa kuanzia. BIOS husoma kipande cha kwanza cha diski, baiti 512 tu, na kwa kawaida hutaka baiti mbili za mwisho ziwe 55 na AA. Ikizikosa, huenda diski nyingine. UEFI hutafuta patisheni (fungu la diski) ndogo yenye mpangilio wa FAT32, iitwayo patisheni ya EFI, lilimo faili la kuiamsha Windows. Diski iliyotoka kwenye boksi haina hili wala lile. Kompyuta inabaki kama mgeni aliyeshuka bandari ya Mkoani, mizigo anayo, mwenyeji wa kumpokea hayupo.

Kwa hiyo swali la mwanzo ni moja: je, BIOS (au UEFI) inaiona diski? Washa mashine huku unabonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 au F2 kwa Lenovo, kisha tafuta jina la diski na ukubwa wake. Jina likiwepo, acha kabisa kushika bisibisi. Shida imo kwenye mipangilio au kwenye yaliyoandikwa ndani ya diski.

Jina lisipokuwepo, angalia ilivyofungwa. Diski ya SATA, ile inayounganishwa kwa waya, kwenye kompyuta ya mezani inataka waya mbili, ya data na ya umeme, na moja ikilegea tu imekufa. Zile bapa za M.2, zinazochomekwa moja kwa moja kwenye bodi mama, ndizo zinazowaumiza wengi, kwa sababu kuna zinazoongea kwa njia ya SATA na za njia ya NVMe, umbo linakaribiana sana, na zipo nafasi zinazokubali aina moja tu. Muulize muuzaji kabla hujalipa. Na visiwani kwetu hewa ya bahari haina huruma: chumvi na unyevu hula shaba, na mashine iliyokaa miaka dirishani huota kutu ya kijani kwenye viunganishi. Vifute kwa spiriti, vikauke, ndipo uchomeke.

Ipo pia betri ndogo ya duara kwenye bodi mama, CR2032 ya volti 3, inayotunza mipangilio na saa mashine ikiwa imechomolewa. Ikiisha nguvu, umeme wa mtaani ukikatika usiku tu, asubuhi mipangilio imerudi ilivyotoka kiwandani na diski iliyowaka jana haiwaki leo. Ukiona tarehe imerudi nyuma miaka, badilisha betri hiyo kwanza. Ni bei ndogo mno kulinganisha na diski.

Kutokuelewana kwa mifumo ni jambo jepesi zaidi. Kuna mpangilio wa kugawa diski uitwao MBR, wa tangu 1983, unaokwenda na BIOS ya zamani na ambao kwa kawaida hauvuki takriban TB 2, na kuna GPT, unaokwenda na UEFI. Windows iliyopigwa (iliyosakinishwa) kwa mtindo mmoja haitawaka, mashine ikiwekwa kwenye mtindo mwingine. Rudisha mtindo uliotumika wakati wa kupiga, basi.

Ila linalonisikitisha ni la diski mbili, maana hapo ndipo watu hupoteza picha za harusi na kazi za skuli. Mtu anachomeka SSD mpya, diski ya zamani akaiacha ndani, akapiga Windows. Kisakinishi kikiona patisheni ya EFI tayari ipo kwenye diski ya zamani, faili za kuamshia huziweka humohumo. Kila kitu kinawaka vizuri. Wiki ijayo anaichomoa ya zamani, au anaiformati ampe ndugu yake, na SSD inakufa papo hapo ingawa Windows nzima imo ndani yake. Anayenakili diski yupo kwenye hatari hiyohiyo: akichagua C, patisheni yenye Windows, peke yake, patisheni ile ndogo inabaki nyuma. Nakili diski nzima, si C tu.

Fundi makini huchomoa diski ya zamani kabla ya kupiga Windows, huacha mpya peke yake, halafu ndipo huirudisha ya zamani kwa ajili ya mafaili. Ukikuta kosa limeshafanyika, na patisheni ya EFI ipo kwenye SSD, washa kwa flashi yenye kisakinishi cha Windows, bonyeza Shift na F10 kufungua dirisha la amri, ipe patisheni hiyo herufi S kwa diskpart (programu ya kupanga patisheni), kisha andika bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI. Hakikisha kwanza Windows yako ndiyo iliyopewa C, maana humo herufi huhama. Na ile ya zamani usiiformati mpaka mpya imewaka ikiwa peke yake ndani ya mashine.