Viongozi wakihama na waumini wapya wakijaa: dhana potofu zinazotuumiza hapa Dodoma

Tangu serikali ianze kuhamia huku kwa kasi 2016, nyumba zetu za ibada zimebadilika mno. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 Dodoma mjini, ya 2022 ikakuta 765,179, na hao waliokuja wana dini zao, wanatafuta pa kusali. Nenda Ilazo au Nzuguni Jumapili uone. Ndo maana maneno haya tunayasikia kila siku.

"Dini haibadiliki, usiguse kitu." Imani ndo haibadiliki jamani, utaratibu umekuwa ukibadilika tangu mwanzo. Waislamu wa kwanza waliswali wakielekea Baitul Maqdis, yaani Yerusalemu, na hata baada ya Hijra, yaani kuhamia Madina, iliendelea hivyo miezi kama 16 au 17 ndipo kibla kikawa Makka. Kwa Wakristo someni Matendo 15, palikuwa na mabishano makali pale Yerusalemu kuhusu tohara, wakakaa kikao, wakaelewana, wakaandika barua na kutuma watu wakaieleze kwa mdomo. Hapo pa kueleza kwa mdomo ndo viongozi wengi wanaparuka, wanabandika tangazo ubaoni wanadhani wamemaliza.

"Wageni wamekuja kututeka kanisa." Hii inaniuma kwakweli, maana inawagawa watu wanaoshiriki meza moja. Matendo 6 wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wanasahaulika kwenye mgao wa kila siku, mitume hawakuwaambia wavumilie, waliita mkutano wakachaguliwa watu 7, na ukiyaangalia majina yote saba ni ya Kigiriki. Yaani kazi wakapewa watu wa upande uliokuwa unalalamika! Sasa huku kwetu anayesahaulika mara nyingi ni mwenyeji. Kikao kinatangazwa kwenye grupu la WhatsApp wakati bibi wa Kigogo ana kitochi, msimu wa mvua yuko shamba, akirudi anakuta ratiba ya ibada imebadilishwa na ule wimbo wa Kigogo aliokuwa anauanzisha yeye umebaki wa sikukuu ya mavuno tu. Halafu akinung'unika anaitwa mpinzani wa maendeleo. Hapingi mabadiliko huyo, hakuambiwa, basi. Na mtumishi aliyehamia juzi naye asikae miaka anaitwa mgeni, apewe kazi mapema, hata kuhesabu sadaka na wenzake.

"Dayosisi ikigawanywa ujue kuna ugomvi." Si lazima. Dayosisi ya Anglikana ya Central Tanganyika ilianza 1927 na Askofu George Chambers kutoka Australia, ikakua, na baadaye ndani yake zikazaliwa nyingine kama Mpwapwa na Kondoa. Eneo likiwa kubwa askofu hawafikii watu, ndo sababu ya kawaida kabisa.

"Nafasi ikiwa wazi ndo muda wa kurekebisha mambo." Hapana. Wakatoliki wameliweka hili kwenye sheria, jimbo likikosa askofu anachaguliwa msimamizi ndani ya siku 8, na muda huo wote hairuhusiwi kuanzisha jambo jipya. Hata kama dhehebu lako halina kanuni hiyo, ishike tu, kwa sababu ugomvi wa miradi iliyoanzishwa wakati hakuna mwenyewe unamsubiri mlangoni atakayekuja.

"Makabidhiano ni kusaini na kupiga picha." Mnaofanya hivi mnawatesa wanaokuja nyuma yenu. Kabidhini daftari la ubatizo, madeni ya bati na saruji, karatasi za kiwanja hasa zile za enzi za CDA, mamlaka iliyokuwa ikigawa viwanja hapa Dodoma, iliyovunjwa 2017, na majina ya wagonjwa wanaotembelewa nyumbani. Kiongozi anayeondoka akiweza, aende mwenyewe na anayempokea nyumba kwa nyumba kwa hao wagonjwa, wawaone wote wawili wamekaa pamoja.