Je, wajua kwa nini kijana mwenye usonji (autism) anayeonekana "hana shida" ndiye wa kuangaliwa kwa karibu?

Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza, akiwemo Sarah Cassidy, walichapisha majibu ya watu 374 waliotambuliwa ukubwani kuwa na Asperger, hali iliyo ndani ya usonji. Asilimia 66 walisema wamewahi kufikiria kujiua. Na huko Denmark, kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 6.5 zilizochambuliwa mwaka 2021 zilionyesha kwamba wenye usonji hufa kwa kujiua zaidi ya mara 3 kuliko wengine.

Kwa nini? Usonji wenyewe haumtumi mtu kutaka kufa. Mtazame msichana wa miaka 15 darasani. Akimwangalia mwalimu usoni anahesabu moja mpaka tatu, kisha anarudisha macho kwenye daftari. Jana usiku alifanya mazoezi ya kucheka. Mikono inataka kupepea, ameikalia. Taa inamvumia masikioni, lakini hasemi. Kwenye ripoti mwalimu anaandika: "Mtulivu, hana tatizo." Akifika nyumbani anajifungia chumbani, hali chakula wala haongei, na mama anadhani ni jeuri ya ujana.

Huko darasani ndiko kujificha: kuficha usonji ili uonekane kama wengine. Mwaka 2018 Cassidy na wenzake waliona kwamba kujificha kunaambatana na mawazo ya kujiua hata sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa) na wasiwasi vikizingatiwa. Mimi sishangai. Ukipendwa kwa sura uliyoiigiza, upendo ule haukufikii wewe, na kila siku unajihakikishia kwamba ulivyo hasa hufai.

Kuna jambo jingine. Wengi wenye usonji hupata taabu kuzitaja hisia zao. Ukimuuliza "unajisikiaje?" akajibu "sijui", mara nyingi amesema kweli tupu. Uso wake pia huenda usionyeshe huzuni unayoitafuta, hata kwa daktari.

Kwa hiyo muulize waziwazi, bila mafumbo: "Je, unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Mpe muda wa kufikiri. Kama kusema kunamshinda, aandike, achore, au achague namba kuanzia 0 hadi 10. Akikubali, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na ukifika mwambie daktari kwamba utulivu wake si dalili ya nafuu.