Vipele vya wiki ya tano: dhana potofu kuhusu mzio mkali wa dawa

Mtu akitokwa na vipele mwili mzima, uso umevimba na homa haishuki, mitaa ya Nairobi hutoa hukumu haraka: ni ukambi, ni chakula, au kuna mkono wa mtu. Anapewa Piriton dukani na kuambiwa apumzike. Dawa aliyoianza mwezi uliopita haitajwi kabisa.

“Nimeimeza wiki tano bila shida, haiwezi kuwa hiyo.”
Dhana hii ndiyo hatari kuliko zote, maana inaonekana kuwa na mantiki. Mzio tuliouzoea huja ndani ya dakika au saa chache. Upo mwingine, madaktari huuita DRESS, ambao kwa kawaida hujitokeza wiki 2 hadi 8 baada ya kuanza dawa. Dawa zinazouleta si ngeni kwetu: kabamazepini na fenitoini za kifafa, alopurinoli ya gauti, Septrin, hata baadhi ya dawa za kifua kikuu. Vipele huonekana nje, lakini ndani ini linashambuliwa, pengine figo, mapafu au moyo. Inakadiriwa kwamba hadi mgonjwa 1 kati ya 10 hufariki.

“Vipimo vimeonyesha virusi, basi dawa haina kosa.”
Mara nyingi vyote viwili vipo. Karibu sote tuliambukizwa virusi vya HHV-6, vya ukoo mmoja na vya tetekuwanga, tukiwa wachanga, na vimelala mwilini hadi leo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Ufaransa na Japani walieleza jinsi vinavyoamka kwa wagonjwa wa mzio huu. Baadaye vingine vya ukoo huo vilionekana vikiamka pia. Wanasayansi bado wanajadiliana kama virusi huuchochea mzio au huamshwa nao. Kwa mgonjwa, mjadala huo haubadilishi jambo moja: dawa iliyouanzisha lazima ikomeshwe.

“Nimeiacha, nimepona.”
Kwanza, usiiache kimyakimya nyumbani. Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa na pakiti zako zote, hasa kama ni dawa ya kifafa au ARV, ili daktari aikomeshe na kukupangia nyingine. Pili, homa na shida ya ini huweza kurudi wiki kadhaa baadaye, na mara nyingi ni wakati ambapo virusi hivyo vinazaana. Ndiyo maana vidonge vya steroidi, vinavyotuliza mzio huu, hupunguzwa polepole, kwa wiki au miezi. Naomba sana, usivikatize kwa sababu ngozi imetakata. Wengine hupata ugonjwa wa tezi dundumio, ile ya shingoni, au kisukari miezi kadhaa baada ya kutoka wodini, kwa hiyo kliniki ya marudio isirukwe.

“Nitabadilishiwa tu ile nyingine ya kifafa.”
Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni ni jamaa. Moja ikikudhuru, nyingine nazo huenda zikakudhuru.

Na kwa kuwa hapa mjini tunahama kliniki kila mara bila faili kutufuata, mwombe daktari akuandikie jina la dawa hiyo kwenye kadi. Ionyeshe kwa kila anayetaka kukupa dawa, mwenye duka la dawa akiwemo.