Je, muziki wa zamani ulikuwa bora zaidi?

Kipindi cha zilipendwa kikianza redioni, hakosi mtu wa kusema: huo ndio muziki, hawa wa siku hizi wanapiga kelele tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lawama hiyo ilibebeshwa Bongo Fleva, ikaitwa ya kihuni. Leo waliokua nayo wanaishika kama urithi na kuurushia muziki wa kasi wa singeli lawama ileile.

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili. Mtu mzima akiulizwa kumbukumbu za maisha yake, nyingi hurudi kwenye umri wa kati ya miaka 10 na 30, na nyimbo nazo hufuata mkondo huo. Ndiyo miaka ya mambo ya mara ya kwanza: kupenda, kuachwa, kuondoka nyumbani. Wimbo uliokuwepo hunasa humo. Halafu tuliurudia mno. Kaseti ilirudishwa nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri, ubeti mmoja ukasikilizwa mpaka utepe ukakwaruza.

Kuna na chujio. Bendi ya Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, nyimbo zake bado zinapigwa. Bendi zilizochosha watu mwaka huohuo hakuna anayezikumbuka. Kwa hiyo tunalinganisha nyimbo bora za jana na kila kitu cha leo, kibovu na kizuri.

Tofauti zipo, sikatai. Tarumbeta na magitaa matatu yanayojibizana hayafanani na mdundo wa kompyuta. Ila hiyo ni ladha, na ladha ya wengi wetu ilipikwa kabla hatujafika thelathini.