Gari la Pembeni Likisimama Kwenye Zebra, Nawe Simama

Ninapofundisha madereva huwa nauliza swali moja. Uko Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, njia ya kulia. Daladala iliyo kushoto kwako inapunguza mwendo, kisha inasimama kwenye zebra. Utafanya nini? Wengi hujibu bila kufikiri: "Inashusha abiria, mimi napita." Jibu hilo hunitia hofu kila ninapolisikia.

Mbele ya ile daladala kuna mtu usiyemwona. Mtoto wa darasa la kwanza hafiki hata usawa wa kioo cha mbele cha Coaster. Yeye ameona gari limesimama, akaamini barabara yote imesimama. Anatoka mbio, na anapotokeza ubavuni mwa daladala, wewe uko mita chache kutoka kwake.

Hapo mwendo ndio unaoamua. Sheria yetu inataka usizidi kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu. Kwa mwendo huo gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde, na sekunde moja hupotea kabla mguu haujafika kwenye breki. Barabara ikiwa kavu na breki nzima, utasimama baada ya mita 28 hivi. Aliyekuwa na 65, akiona hatari mahali palepale, atafika pale uliposimama wewe akiwa bado na mwendo wa karibu 50. Kilomita 15 tu za ziada! Mvua ikinyesha, au tairi zikiwa vipara, hesabu inakuwa mbaya zaidi.

Kwa hiyo gari la pembeni likisimama kwenye zebra, nawe simama, hata kama huoni mtu. Bodaboda nanyi msipenye katikati ya magari yaliyosimama. Pikipiki ni nyembamba, na anayevuka huiona ikiwa imeshamfikia.

Dereva unayesimama kumpisha mtu, ipo kazi yako pia. Punguza mwendo mapema ili taa za breki ziwaonye walio nyuma. Simama mita kadhaa kabla ya mistari, si juu yake, ili dereva wa njia ya pili apate nafasi ya kumwona anayevuka. Na usimpungie mkono kumwambia apite. Najua unafanya kwa wema, lakini huwezi kumwahidi usalama wa njia usiyoiendesha wewe. Mwache aangalie mwenyewe.

Wazazi na walimu, wafundisheni watoto kuvuka kwa vituo viwili: ukingoni mwa barabara, halafu tena kwenye ubavu wa gari lililosimama, wachungulie njia ya pili kabla ya kuendelea. Mkishuka kwenye daladala msivukie mbele yake. Subirini iondoke kwanza. Pasipo na njia ya miguu, tembea upande wa kulia ili magari ya upande wako yaje ukiyaona.

Usiku tatizo ni jingine. Taa za chini za gari huangaza takriban mita 40 hadi 50, na dereva wa kilomita 80 kwa saa anahitaji karibu mita 60 kusimama. Mwenye baiskeli au guta lisilo na taa, amevaa nguo nyeusi, huonekana breki zikiwa haziwezi tena kumwokoa. Weka taa nyeupe mbele, na nyuma taa nyekundu pamoja na kiakisi mwanga. Kama huna, funga hata kitambaa cheupe mgongoni. Endesha kushoto, usiyakabili magari. Abiria wa bodaboda, omba kofia ngumu na ufunge mkanda wake chini ya kidevu. Kofia isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijagonga lami.